Kutoka E. coli kwenda seli za CHO: jibu langu kwa anayeanza PhD ya protini za tiba

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mtu aliyezoea bakteria wa E. coli ataweza kuhamia kwenye seli za mamalia bila kuanza upya, na kama miaka minne inatosha kurekebisha seli za CHO (seli zilizotokana na ovari ya hamsta wa Kichina) zitoe kingamwili ya tiba kwa wingi. Nimemaliza kazi ya aina hiyo, na mimi pia nilitokea kwenye bakteria, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

La kwanza halina shida, utaweza. Kukata na kuunga DNA, kutengeneza plasmidi (vipete vya DNA vya kubebea jeni), kusoma mfuatano wa jeni, yote hayo unaingia nayo. Utakachopaswa kujifunza upya ni muda.

E. coli ikishiba na ikiwa kwenye joto lake hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Unapanda jioni, asubuhi una makoloni. Seli ya CHO inahitaji karibu siku nzima kujigawa mara moja. Ratiba yangu ya mwaka wa kwanza niliipanga kwa mazoea ya bakteria, na kufikia mwezi wa pili ilikuwa haifai tena. Kuingiza jeni ni kazi ya siku moja. Kuziua seli ambazo hazikuipokea ni wiki 2 hadi 3. Halafu unatenganisha seli mojamoja kwenye visima vya sahani, unasubiri wiki nyingine 2 au 3 zikue. Bado hujazikuza vya kutosha, hujagandisha akiba, na hujafanya jaribio lenyewe la uzalishaji, ambalo kwa kawaida huchukua kama siku 14. Ukijumlisha na mambo yanayokwenda kombo, raundi moja kwangu ilikuwa miezi 5 hadi 6. Kwa miaka minne hizo ni raundi 8, kama hakuna kitakachoharibika.

Kwa nini basi tunahangaika nazo, wakati insulini iliyotengenezwa na E. coli iliidhinishwa tangu 1982? Insulini ni protini ndogo na haibebi sukari. Kingamwili ni minyororo 4 iliyofungwa pamoja kwa vifungo vya salfa, na ina matawi ya sukari ambayo E. coli ya kawaida haina uwezo wa kuyabandika. Matawi hayo yanaamua dawa itafanya nini mwilini. Eritropoietini, homoni inayochochea kutengenezwa kwa chembe nyekundu za damu, ikikosa asidi ya sialiki (aina ya sukari) kwenye ncha za matawi yake, ini huiondoa kwenye damu upesi, haikai ikafanya kazi. Kwenye shina la kingamwili, ukiondoa sukari moja tu iitwayo fukosi, seli za kinga huishika kwa nguvu zaidi na huua vizuri zaidi seli ya saratani inayolengwa. Ndiyo maana utakuta watu wengi wamezima FUT8, jeni inayofanya fukosi hiyo ibandikwe, kwenye CHO. Dawa ya kwanza ya protini kutoka seli za mamalia zilizoingizwa jeni, alteplase, ile ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mishipa, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na ilitokana na seli hizi hizi.

Asili ya seli za CHO nayo inafaa uijue, maana inaeleza tabia yake. Mwanasayansi Theodore Puck na wenzake kule Colorado, Marekani, walizipata mwaka 1957 kutoka kwenye ovari ya hamsta wa Kichina. Mnyama huyo ana kromosomu 22. Seli zilizokaa kwenye chupa miaka yote hii zimepangua na kupanga upya kromosomu zake, kiasi kwamba hata ndani ya chupa moja seli hazifanani kabisa. Ukiingiza jeni moja kwenye seli elfu moja, umepata matokeo elfu moja.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu karibu mwaka, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mwaka wa pili nilikuwa na visima zaidi ya mia tatu, nikivipitia kwa hadubini kila asubuhi. Kisima kimoja, G7, nakikumbuka vizuri. Siku ya kwanza kulikuwa na seli moja tu, ya duara, inang'aa ukingoni kama tone la mafuta juu ya maji. Siku ya tano zilikuwa saba zimeshikana. Siku ya kumi na mbili zilikuwa zimetanda kama alama ya kidole gumba. Tulipopima kingamwili, G7 ilitoa karibu mara mbili ya kloni (ukoo wa seli uliotokana na seli moja) iliyoifuata. Nilifurahi sana, nikaichukua hiyo peke yake, na majaribio yangu yote ya kuzima jeni nikayajenga juu yake.

Baada ya miezi mitatu namba zilianza kushuka. Nilidhani ni chakula cha seli, nikabadilisha. Nilidhani ni kipimo, nikarudia kipimo. Mwishowe nilitoa kwenye naitrojeni ya kugandishia kichupa cha mwanzo kabisa cha G7, nikazikuza hizo na zile za miezi mitatu bega kwa bega, siku moja, chakula kimoja. Za mwanzo zilitoa zaidi ya mara mbili. Tulipochunguza tukakuta promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni), ile ya kirusi cha CMV ambayo wengi tunaitumia, imejaa alama za methili, alama za kikemikali zinazozima jeni. Jeni ilikuwepo ila imenyamazishwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini hili linatokea, piga hesabu hii. Seli inayotoa protini nyingi inabeba mzigo, kwa hiyo inakua polepole kidogo. Chukua chupa ambayo seli 1 katika 100 imeacha kuzalisha, na kwa sababu hiyo inajigawa kwa kasi ya asilimia 10 zaidi. Wazalishaji wakimaliza vizazi 60, yaani wakijigawa mara 60, hao wengine wamemaliza 66. Hivyo vizazi 6 vya ziada ni kuzidi mara 64. Ulianza na 1 kwa 99, sasa una 64 kwa 99, yaani karibu seli 4 katika kila 10 hazitoi kitu. Na vizazi 60 ni kama miezi miwili tu.

Kwa hiyo usimchague mshindi wa siku moja. Chukua kloni 5 au 6, zipeleke zote hadi vizazi 60, ndipo uchague ya kujengea tasnifu. Iliyonitoa mimi ilikuwa ya sita kwenye vipimo vya mwanzo. Ilitoa kidogo kuliko G7, lakini mwezi wa kwanza na wa tatu namba zake zilikuwa zilezile.

Jingine ni maikoplazma. Huyu ni bakteria asiye na ukuta wa seli, penisilini haimfanyi kitu. Hupenya hata vichujio vya maikromita 0.2, na chakula hakiwi na ukungu kama ulivyozoea bakteria wengine wakiingia. Seli zinaonekana nzima huku tabia yake imebadilika, na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo. Pima kwa PCR, kipimo cha kutafuta DNA yake, kila mwezi. Seli yoyote uliyopewa na mtu, hata rafiki wa karibu, ikae kwenye inkubeta ya peke yake mpaka majibu yatoke.

Kuhusu kiasi cha uzalishaji usijilaumu mapema. Miaka ya 1980 watu walipata makumi ya miligramu kwa lita, leo gramu kadhaa ni kawaida, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na chakula bora na namna ya kulisha, si jeni peke yake. Jifunze kufuatilia laktati na amonia, taka ambazo seli hutoa. Jaribu pia kushusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 33 katikati ya jaribio; kloni nyingi hupunguza kukua na kuendelea kuzalisha.

Miaka minne inatosha, ila inategemea unakoingia. Kabla hujasaini, muulize msimamizi kama wana akiba iliyogandishwa ya seli mama yenye kumbukumbu ya idadi ya vizazi, na wanapima maikoplazma mara ngapi. Ongea pia na wanafunzi wake, uwaulize nani hulisha seli siku ya Jumapili. Kwetu tulikuwa wanne tukipeana zamu. Mwaka ule niliougua wiki mbili nilirudi nikakuta chupa zangu zote ziko hai, na kwenye daftari langu hesabu ya kila siku imeandikwa kwa mwandiko wa mwenzangu.