Maswali Yenu Kuhusu Hospitali: Barua ya Rufaa, Jina la Mgonjwa na Kosa Lisilofichwa

Swali: Kwa nini tunahimizwa kuanzia zahanati ya kijijini ilhali hospitali kubwa ipo Lamu mjini? (Msomaji, Kipungani)

Jibu: Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi sita, kuanzia wahudumu wa afya wa jamii, zahanati na vituo vya afya, hadi hospitali za kaunti ndogo, za kaunti na za kitaifa. Kikohozi na chanjo vikimalizwa zahanati, daktari wa hospitali hupata nafasi ya kumhudumia mama mwenye uzazi mgumu. Hata hivyo, siwezi kumlaumu mtu anayeipita zahanati isiyo na dawa, kwa kuwa mpangilio huu husimama pale tu ngazi ya chini inapopewa vifaa na watu. Na ikiwa ni dharura, nenda moja kwa moja kokote kulikokaribu: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Swali: Mume wangu ana kisukari na amepewa rufaa kwenda Mombasa. Tubebe nini? (Mama, Matondoni)

Jibu: Mama yangu, bebeni barua ya rufaa, dawa zake zote zikiwa katika pakiti zake, na kabla ya kuondoka mwombeni muuguzi awasomee barua hiyo. Haitoshi kuandikwa kwamba mgonjwa amedungwa sindano. Ni lazima itaje dawa, kipimo chake na saa aliyopewa.

Nilipokuwa muuguzi wa zamu ya usiku, nilimpokea mzee aliyevushwa kwa boti hadi Mokowe kisha akasafirishwa kwa gari. Barua yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi, wino umetapakaa, na neno pekee lililosomeka lilikuwa “insulini”. Mwanawe alikumbuka kwamba sindano ilitolewa alasiri, mkwewe akashikilia kwamba adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kutolewa. Kumdunga tena ilhali dawa ya kwanza ingali mwilini kungeweza kuishusha sukari hadi azirai, au yawe makubwa zaidi. Tulimtoboa kidole kila saa ili kupima sukari hadi alfajiri, kwa sababu ya tarakimu mbili zilizofutwa na maji. Kwa hiyo, tieni barua katika mkebe wenye kifuniko kinachobana, na muipige picha kwa simu.

Swali: Nililazwa siku tatu na kila muuguzi aliniuliza jina langu, hata yule anayenijua tangu utotoni. Je, huku si kunidharau? (Msomaji, Langoni)

Jibu: Sivyo kabisa, ndugu yangu. Sisi hurithishana majina ya mababu, hivyo si ajabu wodi moja kuwa na kina Mohamed Ali watatu. Muuguzi makini hulinganisha jina kamili na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili kabla ya dawa, damu au upasuaji. Tena hasemi, “Wewe ni Mohamed?”, kwa kuwa mgonjwa mwenye homa kali huitikia “naam” kwa lolote; huuliza, “Jina lako nani?” Asiyekuuliza ndiye wa kumtilia shaka.

Swali: Je, ni adabu kumuuliza daktari kama amenawa mikono?

Jibu: Ni adabu, na ni haki yako. “Samahani daktari, umeshanawa?” yatosha.

Swali: Mtoto wangu alipewa dawa isiyo yake, na muuguzi akakiri mara moja. Nimshtaki? (Baba, Mpeketoni)

Jibu: Pole sana, baba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa katika huduma, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Haki ya kulalamika unayo na sitakuzuia, lakini muuguzi huyo alifanya jambo gumu: kukiri kwake kulimwezesha daktari kumwangalia mtoto mapema. Omba kuonana na msimamizi wa wodi, ukiwa umeandika siku, saa na jina la dawa, kisha uliza maswali mawili: je, tukio limeingizwa katika kumbukumbu za hospitali, na chupa zinazofanana bado zimewekwa rafu moja?