David Croft: Maswali yenu kuhusu fundi wa vichekesho vya BBC

Croft alianza kama mwigizaji au mwongozaji?

Mwigizaji. Baba na mama wote walikuwa watu wa jukwaani. Alizaliwa Dorset mwaka 1922, na mwaka 1939 akapata sehemu ndogo kwenye filamu ya Goodbye, Mr. Chips. Vita ikampeleka Afrika Kaskazini na India, akatoka na cheo cha meja. Televisheni aliijia baadaye: alipitia Tyne Tees, kituo cha kaskazini mwa Uingereza, kisha BBC.

Dad's Army, kile kichekesho cha BBC, lilikuwa wazo lake?

La, lilikuwa la Jimmy Perry, mwigizaji aliyekuwa akiongozwa na Croft mwaka 1967. Wakala wa Perry alikuwa mke wa Croft, kwa hiyo mlango haukuwa mbali! Perry alileta mswada kuhusu wazee na vijana waliojitolea kulinda miji yao Wajerumani wasije, kazi aliyoifanya mwenyewe ujanani. Wakaendelea kuandika pamoja, Croft akitayarisha na kuongoza.

Baadhi ya wakubwa wa BBC waliingiwa na wasiwasi kwamba wazee wa vita wanafanyiwa mzaha. Sioni ajabu, maana ilikuwa imepita miaka 23 tu tangu vita iishe. Ila kinachochekwa pale ni kiongozi wao, meneja wa benki anayejiona jenerali. Ushujaa wa wale wazee haukuguswa. Kipindi kilirushwa kuanzia 1968 hadi 1977, sehemu 80, na kilipopamba moto watazamaji walipita milioni 18.

Mbona sura zilezile zinarudi kila kipindi?

Alipenda kufanya kazi na watu aliowazoea. Waigizaji Paul Shane, Su Pollard na Jeffrey Holland wa kichekesho chake Hi-de-Hi! utawakuta tena katika kingine, You Rang, M'Lord? Kwangu huo ndio ufundi wake mkubwa, kuliko hata uandishi.

Mind Your Language tuliyoitazama KBC nayo ni yake?

Hapana, ni ya Vince Powell, wa kituo kingine. Lakini yule Ali darasani, Dino Shafeek, mzaliwa wa Dhaka, tayari alikuwa akiuza chai katika It Ain't Half Hot Mum, ya Croft na Perry, kuhusu askari wa Uingereza huko India. Humo humo Michael Bates, Mzungu, alipakwa rangi ili acheze Mhindi. Perry alikitetea kipindi hicho hadi uzeeni. Mimi utetezi huo haunishawishi: Shafeek alikuwa palepale, na akaachiwa birika.