Maswali ya Wasomaji: Nzi Ndani ya Wimbo

Barua za safari hii zinatoka kwa wanaorekodi nyumbani na kuchanganya sauti kwa programu walizojiandikia kwa Python. Hesabu zote zilizo hapa ni za faili zenye sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde.

Ninarekodi nyatiti na mwimbaji, kila mmoja na maiki yake. Programu yangu inasoma wimbo kwa vipande vya sampuli 1,024, inaondoa masafa yaliyo chini ya 80 Hz, kisha inajumlisha traki. Rekodi ya mwanzo ni safi, lakini faili inayotoka ina mvumo kama wa nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Mwimbaji akipaza sauti, kunatokea mpasuko mkali. Nimeshabadilisha hata waya wa maiki. (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Waya hauna hatia. Wewe ndiye mwenye makosa mawili, na yote yako kwenye msimbo.

Nzi anatoka kwenye vipande. Kichujio hufanya kazi kwa kukumbuka sampuli zilizotangulia. Ukiita sosfilt, kichujio cha maktaba ya scipy, upya kwa kila kipande bila kuikabidhi kumbukumbu ya kipande kilichopita, inaanza kana kwamba kabla ya hapo palikuwa kimya, na wimbi linaruka kwenye kila mshono. Gawanya 44,100 kwa 1,024, utapata mishono 43 kwa sekunde. Mishtuko 43 kwa sekunde sikio haliitenganishi. Linasikia mvumo tu. Ukitaka kuhakikisha, fanya kipande kiwe cha sampuli 44,100: nzi atatoweka, na badala yake utasikia "tik" moja kila sekunde.

Dawa ni zi, yaani hali ambayo kichujio kinaanza nayo. Ukiipa sosfilt zi, inakurudishia vitu viwili: sauti iliyochujwa na hali ya kichujio. Hali hiyo ndiyo unayoikabidhi kama zi ya kipande kinachofuata. Kipande cha kwanza kianze na sufuri. Kila traki, na kila upande wa stereo, uwe na zi yake.

Lakini kwa nini ukate vipande hata kidogo? Wimbo wa dakika 4 wa stereo, kwa desimali za biti 32, ni kama MB 85. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inaubeba mzimamzima. Vipande waachie wanaoandika programu za kuchuja sauti papo hapo jukwaani.

Mpasuko ni kosa jingine kabisa. Unajumlisha namba kamili za biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Ongeza 1 juu ya hapo na numpy, maktaba ya hesabu ya Python, haikuonyi, inakupa -32,768. Kilele cha wimbi kinaporomoka hadi sakafuni ndani ya sampuli moja. Soma faili kwa soundfile, maktaba ya kusoma na kuandika sauti, ambayo yenyewe hukupa desimali kati ya -1 na 1, na ufanye kila kitu humo. Jumla ikipita 1 katikati ya kazi hakuna kilichoharibika, utaipunguza mwishoni. Ila kuna mtego: soundfile ikiandika WAV bila kuelekezwa hutumia biti 16, na kila kilichopita 1 kinakatwa kichwa. Faili za katikati ziandike kwa subtype ya FLOAT.

Nimeandika kompresa, programu ya kupunguza sauti inapozidi kiwango. Kila oduong' inapogonga nyatiti, sauti ya mwimbaji inadidimia kisha inarudi taratibu. Halafu kuna pengo katikati ya wimbo ambapo nilifuta kelele na kuweka sufuri. Baada ya hapo kompresa haishiki tena hadi mwisho. (Msomaji, Bondo)

Oduong', ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, ikigonga mti hutoa kishindo kizito, na kompresa yako inapima kishindo na mwimbaji kwa mizani moja. Kama kila mmoja ana traki yake, iweke kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, kesi imekwisha. Kama mlitumia maiki moja, tengeneza nakala ya wimbo, ondoa humo yote yaliyo chini ya 150 Hz, na nakala hiyo ndiyo ipimwe. Punguzo linalopatikana litumike kwenye wimbo wenyewe. Nakala haisikiki popote. Njia hii haitasaidia kitu ikiwa mchokozi ni gara, zile njuga za mguuni, kwa sababu mlio wa njuga uko juu ya 150 Hz. Hapo shusha uwiano tu, hata hadi 1.5 kwa 1.

Kagua hesabu yako kwa mfano huu. Kizingiti ni desibeli -20, uwiano 3 kwa 1, sauti imefika -8. Imezidi kwa 12, inaruhusiwa kuzidi kwa 4, kwa hiyo unapunguza 8, yaani unazidisha sampuli kwa 0.4 hivi. Kasi ya kushika na kuachia hutoka kwenye exp(-1/(t × 44,100)), na t ni sekunde: milisekunde 10 hutoa 0.9977, milisekunde 150 hutoa 0.99985. Anayeandika 10 akidhani ni milisekunde ameagiza sekunde 10, na kompresa yake itaonekana imelala.

Ya kwako imelala kwa sababu nyingine. log10 ya sufuri ni hasi isiyo na kikomo. Kila kipimo cha kompresa huchanganywa na kilichotangulia, na hasi isiyo na kikomo ukiichanganya na chochote inabaki ileile. Jumlisha 0.000000001 kwenye thamani kabla ya log10, itaamka.

Rekodi zangu zina ngurumo ya umeme. Nimeweka kichujio cha 50 Hz, imepungua lakini haijaisha, na gitaa la besi limekuwa dhaifu kwenye noti fulani. (Msomaji, Lanet, Nakuru)

Ngurumo huja na ndugu zake wa 100 na 150 Hz, na mara nyingi hao ndio sikio linawasikia zaidi. Tumia iirnotch, kichujio cha scipy kinachokata masafa mamoja, kwa kila mmoja, Q ikiwa 30 (Q ikiwa kubwa, mkato huwa mwembamba). Noti iliyodhoofika bila shaka ni G ya chini, ambayo iko 49 Hz: kichujio cha 50 Hz chenye Q hiyo huichukua kama desibeli 2. Lakini jaribu kwanza kuchomoa chaja ya laptopu na kurekodi kwa betri.

Tulirekodi kwaya na isukuti kwa simu mbili, moja kwa waimbaji, nyingine kwa ngoma. Nikizipanga mwanzoni zinalingana, lakini kufikia ubeti wa mwisho ngoma inagonga mara mbili. (Msomaji, Kakamega)

Saa za simu mbili hazitembei sawa kamwe. Pigeni kofi moja kali mwanzoni na jingine mwishoni, kisha hesabu sampuli kati ya makofi hayo kwenye kila faili. Tuseme ya kwanza ina 10,584,000 na ya pili 10,584,529. Tofauti ni sampuli 529, yaani milisekunde 12.

Kulinganisha urefu wa faili tumia resample_poly ya scipy, lakini usiipe namba hizo zilivyo. Itajaribu kutengeneza kichujio chenye thamani zaidi ya milioni 200 na laptopu itaganda. Tafuta uwiano mdogo unaokaribia: 20,000 kwa 20,001 unarudisha faili ya pili kwenye 10,584,000 bila kukosea hata sampuli moja nzima. Na faili zitoke kwenye simu kama hati. Zikitumwa kama sauti ya WhatsApp huwa zimebanwa tayari.

Nimezidisha wimbo hadi kilele kifike 1, lakini ukichezwa baada ya nyimbo za wengine unasikika mdogo. (Msomaji, Bungoma)

Kilele kimoja cha ngoma hakisemi chochote kuhusu wimbo mzima. Pima LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kwa pyloudnorm, maktaba ya Python inayofuata kanuni ya ITU BS.1770: hupima vipande vya milisekunde 400 na kutupa vilivyo kimya, hivyo ukimya wa mwanzo haukudanganyi. Spotify hulenga LUFS -14. Ukipata -19.5, ongeza desibeli 5.5, yaani zidisha kwa 1.88, halafu limita, yaani kompresa kali isiyoruhusu sauti kupita kikomo, ishike vilele vinavyopita. Limita itazame mbele sampuli 220 hivi, la sivyo itachelewa na kukwaruza. Kuusukuma hadi -8 ni kujisumbua: watakushusha, nawe umebaki na wimbo uliobanwa.

Vilele vipime baada ya kuongeza sampuli mara 4, kwa sababu wimbi hupanda pia kati ya sampuli mbili, na visipite desibeli -1. Kazi ya mwisho ni kushuka hadi biti 16: kabla ya kukadiria, jumlishia kila sampuli namba mbili za bahati nasibu, kila moja kati ya -0.5 na 0.5 ya hatua moja, na hatua ni 1/32,768. Hilo lifanyike mara moja tu, na baada yake usiguse sauti tena.