Mikono ya Mwalimu Mfukoni: Maswali na Majibu kwa Wanaoanzisha Timu ya Roboti

Tangu shule zifunguliwe, maswali kuhusu timu za roboti yamekuwa yakinifikia karibu kila siku. Mengi ni ya walimu na wazazi wa hapa Mwanza, Nyamagana na Ilemela, machache yamevuka maji kutoka Ukerewe na Sengerema. Nimechagua yale yanayojirudia.

Habari za kazi, mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari ya kata, huku Igoma. Tuna laptopu mbili, na wanafunzi zaidi ya arobaini wamejiandikisha. Nianzie wapi?

Nzuri, mwalimu mwenzangu. Laptopu mbili zinatosha. Kinachotaka hekima ni hao arobaini. Usiwachuje kwa alama za darasani, maana utampoteza yule kijana anayepata 30 ya hesabu lakini nyumbani ndiye anayefungua redio ya baba yake na kuifunga tena ikaimba. Fungua klabu kwa mwezi mzima, kila Jumamosi, mlango wazi. Watakaokuja hata siku ya mvua ndio timu yako.

Mwezi huo huhitaji roboti wala umeme. Mfunge mwanafunzi mmoja kitambaa machoni, yeye ndiye roboti. Mwenzake amwandikie maagizo kwenye karatasi ya kumtoa mlangoni hadi ubaoni: hatua tatu mbele, geuka kulia, simama. Wa tatu ayasome kwa sauti bila kuongeza neno. "Roboti" atagonga dawati, darasa litacheka, kisha watakaa chini kutafuta agizo lililokosewa. Hapo tayari wanaandika programu.

Kwa timu yenyewe, napenda watu sita hadi wanane. Mashindano nayo yana idadi zake: FIRST LEGO League Challenge hairuhusu zaidi ya 10, FIRST Tech Challenge hairuhusu zaidi ya 15, na World Robot Olympiad huwa wawili au watatu na mwalimu wao. FIRST Global, iliyofanyika mara ya kwanza Washington mwaka 2017, huchukua timu moja tu kwa kila nchi, kwa hiyo isiwe ndoto yenu ya mwaka wa kwanza.

Ninunue vifaa gani kwanza? Muuzaji mmoja ananisukuma nichukue seti kubwa ya bei ghali.

Soma kanuni za mashindano kabla ya kutoa hata shilingi. Baadhi yanalazimisha vifaa vya kampuni fulani, na hapo huna ujanja. Ila kwa kujifunza, mwaka mzima utakwenda na vitu vichache: bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayobeba programu ya roboti), bodi ya kuendeshea mota aina ya L298N, mota mbili za njano zenye gia na matairi yake, sensa (vifaa vya kuhisi) mbili za kufuata mstari, moja ya kupima umbali, nyaya na swichi. Mwili wa roboti ukate kwenye kipande cha plaiwudi kutoka kwa seremala. Gurudumu la mbele ni gololi iliyokaa ndani ya kifuniko cha chupa.

Pesa inayobaki weka kwenye betri. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likivunja moyo watoto wengi. Wanafunga ile betri ndogo ya mraba ya volti 9. Roboti iko mezani, taa ya kijani ya bodi inawaka vizuri. Wanabonyeza swichi, mota zinanguruma nusu sekunde, taa inafifia, kila kitu kinaanza upya. Wanaamini programu ndiyo mbovu, wanaifumua na kuifuma siku mbili nzima. Kumbe programu haina kosa: betri ile haina nguvu ya kulisha mota, kwa hiyo zikianza kuvuta, volti zinashuka na bodi inajizima na kujiwasha.

Tumia betri mbili za lithiamu aina ya 18650, zikifuatana, yaani chanya ya moja imeunganishwa na hasi ya nyingine. Zinakupa takribani volti 7.4. L298N yenyewe inakula kama volti 2, zinabaki tano na kitu, na mota hizo za njano zinataka volti 3 hadi 6. Unganisha pia hasi ya betri na hasi ya bodi, la sivyo havitaelewana. Na tafadhali, usiache betri za lithiamu zikichaji usiku bila mtu. Zikipata hitilafu zinawaka moto.

Shikamoo mwalimu. Sisi ni wasichana wanne wa kidato cha pili. Roboti yetu tumeiandikia iende mbele moja kwa moja lakini inakata kushoto. Tumebadilisha programu mpaka tumechoka.

Marahaba, wanangu. Acheni programu kwanza, chukueni selotepu. Bandikeni mstari wa mita 2 sakafuni. Iwekeni roboti mwanzoni, iachieni, pimeni kwa rula imeuacha mstari kwa sentimita ngapi na upande upi. Rudieni mara 10, kila kipimo daftarini.

Sasa someni daftari. Kama mara zote imekwenda kushoto kwa umbali unaokaribiana, mota ya kulia ndiyo yenye kasi zaidi. Msishangae: mota mbili zilizotoka kwenye pakiti moja hazilingani. Lakini kama mara inakwenda kushoto, mara kulia, mota hazina hatia. Tafuteni tairi linaloteleza, skrubu iliyolegea, vumbi la chaki sakafuni, au gololi iliyoshika nywele. Bila vipimo kumi vile, mngebahatisha tu kati ya mambo haya mawili.

Tuseme ni mota. Kasi kwenye Arduino huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Kama zote mmeziandikia 200, ya kulia ishusheni hadi 190, kisha pimeni mara 10 tena. Ikianza kukata kulia, mmezidisha, jaribuni 195. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkibadilisha viwili roboti ikanyooka, hamtajua kipi kimeinyoosha.

Kuna mtego mmoja. Betri hizo mbili zikijaa zinafika volti 8.4, na jioni zimeshuka. Namba iliyofaa asubuhi haifai saa kumi. Kwa hiyo azimeni kipima volti kwa fundi redio, na kando ya kila kipimo andikeni volti za wakati huo.

Mkishaweza hayo, nendeni hatua ya pili: ipeni roboti kitu cha kuangalia, mfano sensa ya mstari, ili ijirekebishe yenyewe njiani. Mvuvi anayerudi Kirumba usiku haelekezi mtumbwi mara moja halafu akalala. Anaangalia taa za nchi kavu, anasukuma kidogo, anaangalia tena. Roboti yenu sasa hivi inasafiri imefumba macho.

Binti yangu yuko kwenye timu, lakini kila nikimuuliza amefanya nini anasema ameandika ripoti na kupamba bango. Wavulana ndio wanaoshika mashine. Na je, masomo hayataharibika?

Mama, umeliona jambo ambalo sisi walimu tunalipita kila siku. Halitokei kwa ubaya. Mvulana anawahi bisibisi, msichana mwenye mwandiko mzuri anapewa daftari, na baada ya wiki tatu imekuwa desturi. Mwambie mwalimu wake aweke zamu ukutani: kila wiki kila mtu ahame, kutoka mota kwenda programu, programu kwenda daftari. Wavulana nao waandike ripoti, itawasaidia. Nimewahi kuona timu ikibadilika kwa siku moja kwa sababu tu bisibisi ilihamishwa mikono.

Kuhusu masomo, Jumamosi moja kwa wiki haimuumizi mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wa kidato cha nne mimi huwapumzisha baada ya likizo ya Juni, wana mtihani wa Novemba.

Wanafunzi wangu wanataka kutengeneza roboti ya kuondoa magugu maji ziwani. Niwaache au niwaambie ni kubwa mno?

Waache! Ila wapeleke kwanza mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, wakaongee na wavuvi. Wataambiwa kwamba shida haiishii kwenye kuyang'oa. Gugu maji, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, na likiwa katika hali nzuri linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo swali la kwanza ni: ukishalitoa, unalipeleka wapi? Wakirudi na jibu la hilo, waanze na madumu mawili yanayoelea ndani ya beseni, wabebe majani machache. Ziwani baadaye, na makoti ya kuokolea maisha.

Mashindano ni Jumamosi. Programu ina kosa, nimeliona. Nilirekebishe usiku wanafunzi wamelala?

Hapana, kaka. Mimi nilifanya hivyo. Mwaka mmoja nilikaa na laptopu hadi saa nane usiku, asubuhi roboti ikazunguka uwanjani kama maji. Kisha jaji akachuchumaa mbele ya binti aliyekuwa nahodha, akamuuliza kwa upole, "Hapa kwa nini mmeweka nusu sekunde?" Binti alijua programu ya timu yake, hakuijua ile yangu. Akanitazama mimi. Sikuwa na pa kuficha uso.

Waonyeshe wapi pa kutazama, bila kugusa kibodi. Uliza: mlitegemea ifanye nini, imefanya nini, tofauti inaanzia mstari upi? Kabla ya hapo, nakili programu ya mwisho iliyokuwa ikifanya kazi kwenye flashi, na tarehe yake, ili wasiogope kuharibu. Wasipolipata kosa hadi Ijumaa saa kumi na mbili jioni, warudishe ile ya zamani na kwenda nayo. Laptopu usiku huo alale nayo nahodha.