Maswali na Majibu: Aprili 11, siku ya viti kuanguka

Wiki iliyopita nilidokeza kwamba Idi Amin si mtawala pekee aliyeng'oka Aprili 11. Ujumbe ukamiminika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Shikamoo mzee. Kampala ilianguka tarehe 10 au 11? Mwalimu anasema 11, babu anashikilia 10 na hataki mjadala. (Mwanafunzi, Masaka)

Marahaba. Usimbishie babu. Jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nalo walianza kuingia mjini alfajiri ya Jumanne, Aprili 10, 1979. Jumatano, tarehe 11, Luteni Kanali David Oyite-Ojok akatangaza kwenye Redio Uganda kwamba utawala wa Amin umekwisha. Vitabu vinafuata redio, babu anafuata masikio yake.

Na mimi yangu ninayo. Nilikuwa na miaka minane, tumejibanza watoto watano chini ya kitanda cha chuma pale Mengo, tunahesabu saba-saba. Hivyo ndivyo watu walivyoyaita yale makombora yanayofuatana kama mtu anayepasua mabati. Mlio ukikatika, mama anatuambia tunyamaze, kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunapiga kelele. Kesho yake barabarani watu wanawapungia matawi Bakombozi. Neno lenyewe ni letu: Waganda walilichukua "wakombozi" la Kiswahili wakalivika *ba-* yao. Jioni mjomba akarudi kutoka madukani, ambako kila mtu alikuwa akijichotea, na viatu viwili vipya vya ngozi. Vyote vya mguu wa kushoto. Alivitunza juu ya kabati miaka mingi, akisema vya kulia vitapatikana tu.

Kwa hiyo tarehe hii ina nuksi kwa marais, au siyo? (Mwendesha boda, Jinja)

Orodha inatia wasiwasi, nakubali. Aprili 11, 2011, Laurent Gbagbo wa Côte d'Ivoire alikamatwa katika makazi yake Abidjan baada ya kukataa kushindwa katika uchaguzi wa Novemba 2010. Wengi tunaikumbuka picha yake akiwa amebaki na fulana nyeupe ya ndani. Aprili 11, 2019, Omar al-Bashir wa Sudan akaondolewa na majenerali wake mwenyewe, baada ya miaka karibu 30. Aliyetangaza habari hiyo kwenye televisheni, waziri wa ulinzi Awad Ibn Auf, naye aling'atuka siku iliyofuata. Ukienda mbali zaidi, Aprili 11, 1814 ndipo ulipotiwa saini mkataba wa Fontainebleau uliompokonya Napoleon ufalme wa Ufaransa na kumpeleka kisiwani Elba.

Lakini ngoja. Usiku wa Aprili 11, 2002, majenerali wa Venezuela walimwondoa Hugo Chávez, na siku mbili tatu baadaye alikuwa amerudi ikulu. Napoleon naye alirudi kabla ya kutimia mwaka mmoja, ingawa hakukaa. Nuksi gani hiyo inayobadili mawazo?

Mwaka una siku 365, na watawala waliong'olewa duniani ni wengi. Chukua siku yoyote, utawapata wawili watatu. Januari 25 tu, Amin alipindua serikali ya Uganda mwaka 1971, na siku hiyohiyo mwaka 2011, Wamisri wakaanza kumiminika mitaani dhidi ya rais wao Mubarak. Bashir hakuangushwa na Aprili. Waulize watu wa Atbara walioingia barabarani Desemba 2018 bei ya mkate ilipopanda. Na Amin, kwa maoni yangu, alianguka siku askari wake walipovuka mpaka kuingia Kagera, Oktoba 1978. Iliyobaki ilikuwa miezi ya kutembea kwa miguu kutoka Mutukula mpakani hadi Kampala.

Hakuna mazuri siku hiyo? Nani alizaliwa? (Mama wa mtoto wa Aprili 11, Ntinda)

Hongera ya mtoto, mama. Kasturba, mke wa Mahatma Gandhi, alizaliwa Aprili 11, 1869. James Parkinson, daktari wa London ambaye jina lake lilipewa ule ugonjwa wa kutetemeka, 1755. Waliofariki: Ahmed Ben Bella, rais wa kwanza wa Algeria, mwaka 2012. Yeye alikuwa amepinduliwa mwaka 1965, kwa hiyo ukitaka kumtia kwenye orodha ya boda wetu, alichelewa miaka 47.

Mzee, na Juni 3? Ni siku ya Mashahidi peke yake? (Msomaji, Kireka)

Kwa Uganda hiyo inatosha. Mwaka 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ila wengi wanadhani mashahidi wote walikufa siku ile. Sivyo. Wanahesabiwa 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Joseph Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, na Jean-Marie Muzeyi Januari 1887.

Juni 3, 1979 ndipo vita vya kumwondoa Amin vilipokwisha kabisa, Watanzania walipoufikia mpaka wa Sudan. Papa Yohane XXIII alifariki Juni 3, 1963, wiki chache baada ya kutoa waraka wake wa amani. Ule waraka ulitoka tarehe ngapi? Aprili 11. Mwendesha boda asilione hili.

Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa Januari 1, 1979. Mama anasema nilizaliwa "siku Amin alipokimbia". Nisherehekee lini? (Mwalimu, Bweyogerere)

Mwalimu, hii Januari 1 mnayo wengi. Karani akikosa tarehe, anaandika hiyo na kumwita anayefuata. Mimi mwenyewe katika ofisi moja niliwahi kuwa kwenye foleni ya watu sita, wanne tumezaliwa Januari 1, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Usikimbilie kuandika Aprili 11. Kwanza muulize mama alikuwa wapi, kwa sababu Amin "alikimbia" siku tofauti kila mji. Masaka ilitekwa Februari 24. Entebbe, Aprili 7. Kampala, Aprili 11. Jinja, Aprili 22. West Nile, kule kaskazini-magharibi, walisubiri hadi mwanzoni mwa Juni.

Kama alikuwa Kampala, muulize habari za Pasaka. Mwaka ule Pasaka iliangukia Aprili 15, kwa hiyo mji ulianguka Jumatano ya Wiki Kuu, na Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais siku yenyewe ya Ijumaa Kuu. Mama aliyejifungua wiki hiyo hasahau kama alikuwa na mtoto mgongoni Jumapili ya Pasaka au alikuwa bado na tumbo. Kama ni Mwislamu, muulize jirani Mkristo alimletea nini siku ile.

Kisha uniletee jibu lake. Kama atasema alikuwa Koboko, kule West Nile, tunaanza upya.