"Literally": maana ya herufi na maana ya mkazo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha katika shule ya sekondari hapa Jinja. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwa Kiingereza kwamba alicheka hadi akafa "literally", nami nikamkata alama. Wenzangu wanadai nimemwonea. Neno hili lina maana gani hasa, na kwa Kiswahili tulisemeje?

JIBU: Mwalimu, hukukosa sababu. Neno hilo lina asili ya Kilatini, katika neno lenye maana ya herufi, na kazi yake ya kwanza ni kueleza kwamba jambo lichukuliwe kama lilivyotamkwa, pasipo tamathali yoyote. Kwa kipimo hicho sentensi ya mwanafunzi wako haisimami. Hata hivyo, wenye Kiingereza chao wamelitumia kutilia chumvi tangu karne ya 18. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1769, na kamusi ya Webster ya mwaka 1909 ilikwisha kuisajili maana hiyo ya pili. Si uzushi wa vijana wa Kampala. Hata "very" zamani lilimaanisha "kweli" kabla ya kuwa "sana", nasi husema "amechoka kweli" bila kukusudia kumwapisha mtu, kama Waganda wasemavyo "ddala".

Kinachoniuma mimi ni tafsiri. Mtu huandika "nilikufa kihalisi kwa kicheko", ilhali Kiswahili kina mkazo wake chenyewe. Panapokusudiwa mkazo tu, neno hilo liachwe, na nguvu yake itafutwe katika nahau au kiigizi, yaani neno linaloigiza sauti au hali: basi limejaa pomoni, mtoto amelala fofofo, shuka ni nyeupe pe, na aliyecheka amevunjika mbavu. Lakini panapokusudiwa maana ya kwanza, "neno kwa neno" hutosha, kama unapomweleza mgeni kwamba "kupiga maji", neno kwa neno, ni kuyagonga maji, ingawa anayesemwa amelewa.

Kuhusu alama, katika hadithi au barua ya kirafiki ningemrudishia zote, kwa kuwa msomaji anaelewa mara moja kwamba hakuna aliyekufa. Katika taarifa ya ajali au ripoti ya maabara nisingemrudishia hata moja, kwa sababu huko msomaji hana njia ya kutenganisha kilichotukia na kilichotiwa chumvi.