Namba 77 au 73? Usikimbilie mnadani

Ndugu, unauliza kama stempu yako nyekundu ya peni moja, yenye kichwa cha Malkia Victoria, ni ya bamba 77, yaani ilichapwa kwa bamba la chuma lenye namba hiyo. Kwanza achana na herufi za pembeni. C na D pale chini zinakuambia tu kwamba ilikaa safu ya tatu, nafasi ya nne, kwenye karatasi ya stempu 240. Kila bamba lina CD yake.

Namba ya bamba imefichwa kwenye nakshi za kulia na kushoto, imelala ubavu. Chukua lenzi ya mara kumi, zungusha stempu, mulika taa kwa upande, kisha linganisha pande zote mbili. Mara nyingi wino wa muhuri wa posta umeziba upande mmoja tu.

Sasa hiyo 77 yako. Bamba hilo lilikataliwa, zikaponyoka stempu chache mno. Nyingi zinazodaiwa kuwa 77 ni 73 iliyopakwa wino wa muhuri, au 177 ambayo tarakimu ya kwanza imefutwa na mjanja. Nami ilishanipata, tena kwa 73. Kama bado unaona 77, ipeleke kwa wataalamu wanaotoa cheti.